Mchoraji wa tovuti naye apewe ufunguo?

Wandugu wachimbaji, mama zetu, na ninyi vijana mnaowasomea wazazi ukurasa huu,

Mwaka uliopita wazee wanne waliostaafu walipanda basi Likasi, wakaja Kolwezi juu ya mkutano wa sendika yetu. Mkutano ulihusu malipo yao ya mwisho wa kazi, ile tunaita décompte final. Walifika siku ya posho asubuhi, wakakuta mlango wa biro umefungwa. Mkutano ulikwisha kufanyika tangu kazi tatu. Wazee hao walisoma tangazo mu telefone ya mjukuu, ku ukurasa wetu wa intaneti, na tangazo lilisema siku ya posho. Siye mu komite tulibadilisha siku, lakini hatukuweza kubadilisha tangazo. Mtu mmoja peke yake ndiye alijua namna ya kuligusa, na huyo alikuwa amehamia Kinshasa, telefone yake haipiti tena.

Tuliwarudishia wazee makuta yao ya basi. Haya tuliyoisikia siku ile hatujaisahau.

Wiki ile ile binti wa mwenzetu mmoja, fundi wa pompi, alijitolea kutusaidia. Binti huyu anafanya kazi mu duka la fotokopi. Anachora kadi za ndoa, kalenda za makanisa, matangazo ya kilio. Kartie yote inajua mkono wake. Alifungua maandishi ya ukurasa wetu, akabadilisha jina la siku, na bila kujua akafuta alama moja ndogo ya nukta na mkato. Ukurasa wote ukawa mweupe kama karatasi mpya.

Mu komite mmoja wetu akasema: "Mtu wa kuchora kadi za ndoa anatafuta nini mu kazi ya mainjinia?" Binti alikuwa amekaa pale, pembeni ya baba yake. Hakujibu. Alitoka mbele mkutano haujakwisha.

Neno lile ndilo limetusukuma kuandika leo. Siye si watu wa kompyuta. Lakini tulipoanza kuuliza kwa vijana waliosomea kazi hiyo, tulikuta kwamba neno la mwenzetu si geni. Mbali na hapa, wale wanaotengeneza vyombo vikubwa vya kujengea tovuti wamelibishania miaka mingi: je, chombo cha wataalamu kiwatafute na wachoraji, watu wasiojua kutunga programu, ao kiwaache ku mlango? Ubishi huo unatugusa, juu watoto wetu wako pande zote mbili.

Kiunzi ni kitu gani

Kila mmoja aliyeteremuka chini ya ardhi, Kipushi ao Kamoto, anajua kazi ya kushikilia mwamba. Mbele ya ekipi kuanza kuchimba, wengine wamekwisha kuweka miti, vyuma na maboloti. Wewe unayechimba hauanzi kila asubuhi kufikiri namna gani dari lisikuangukie. Kazi hiyo imefanywa, na ilifanywa na watu wanaoijua.

Mu kompyuta pia ni vile. Mtu akitaka kujenga tovuti kubwa, yenye orodha ya watu, maneno ya siri, fomu na mahesabu, hapaswi kuanza kila kitu toka mwanzo. Anachukua kiunzi, ni kusema programu iliyokwisha kutengenezwa na wengine, yenye kubeba mambo yale magumu yanayorudia ku kila tovuti. Yeye anajenga kazi yake ndani ya kiunzi hicho.

Sasa tovuti iko na watu wa namna tatu. Kuna anayetunga programu: anaambia kompyuta ihesabu nini, ihifadhi nini, imruhusu nani. Kuna anayechora: anapanga rangi, maandishi, picha, wapi jicho la msomaji lianzie. Anajua HTML na CSS, zile alama za kupanga ukurasa, lakini hajui kutunga programu. Na kuna anayeandika habari zenyewe, kama karani wetu wa sendika. Ubishi uko juu ya huyu wa katikati.

Kiunzi kilichozaliwa mu biro ya gazeti

Tutachukua mfano mmoja ambao vijana wetu wanautumia, juu ulizaliwa mu nyumba ya gazeti, kama hili ulilo nalo mu mkono. Ni kiunzi kinachoitwa Django.

Mu mwaka wa 2003, mu mji mdogo wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, gazeti Lawrence Journal-World lilikuwa na watu wachache wa kutengeneza tovuti zake. Wawili kati yao, Adrian Holovaty na Simon Willison, walichoka na namna ya kazi ya zamani, wakaanza kujenga upya kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python. Nyuma Jacob Kaplan-Moss akaingia mu kazi hiyo. Shida yao ilikuwa saa. Mu gazeti, mkubwa wa habari anaweza kuja asubuhi akitaka kitu kipya ku tovuti, na anakitaka siku ile ile. Hakuna kusema "tungojee mwezi ujao."

Biro ile ilikuwa na watunga programu, wachoraji na waandishi wa habari. Kama mwandishi anamngojea mtunga programu juu ya kusahihisha neno moja, gazeti linachelewa. Kama mchoraji anamngojea juu ya kubadilisha rangi, linachelewa pia. Kwa hiyo walijenga kiunzi chenye vyumba vitatu, kila mmoja na mlango wake.

Mwandishi wa habari alipewa chumba cha fomu. Kiunzi chenyewe kinamtengenezea ukurasa wa ndani, anajaza kichwa cha habari, tarehe, maneno, anabonyeza, inatoka. Sura ya chumba hicho ilichorwa na mchoraji, Wilson Miner. Mchoraji alipewa chumba cha violezo, na tutakieleza hapa chini. Mtunga programu akabaki na chumba cha Python, pale penye mashini yenyewe.

Mwezi wa 7 mwaka wa 2005 gazeti lilikubali kiunzi kitolewe bure kwa dunia nzima. Walikiita Django juu ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyezaliwa Liberchies, Ubelgiji, mu 1910. Moto ulimwunguza mkono wa kushoto mu 1928, vidole viwili vikapotea kazi. Akajifunza upya kupiga na vile vilivyobaki, akawa mkubwa kati ya wapiga gitaa wa Ulaya. Wenzetu walioacha vidole ku mashini wataelewa juu ya nini tunaandika habari hiyo.

Chumba cha mchoraji kiko namna gani

Kiolezo ni ukurasa uliochorwa wenye nafasi wazi. Fikiri karatasi ya mshahara. Mistari, kichwa, alama ya kompani, vyote vimekwisha kupigwa. Paka jina lako, namba yako na mahesabu ndiyo yanaingizwa kila mwezi. Mu Django, mchoraji anachora karatasi hiyo kwa HTML yake ya kila siku. Pale anapotaka jina litokee, anaweka alama ya mabano yenye kusema "hapa weka jina." Anaweza kusema pia: "kama mtu huyu amestaafu, onyesha mstari huu", ao "kwa kila mtu mu orodha, rudia mstari huu." Karibu ni hayo tu.

Yako mambo ambayo hawezi kufanya mule, na waliotengeneza kiunzi walikataza kwa kusudi. Hawezi kuandika Python ndani ya kiolezo. Kwa namna kiunzi kilivyotoka ku mikono yao, kiolezo hakiwezi kubeba amri ya kufuta orodha ya watu mu ghala ya habari. Mchoraji akikosea, ukurasa wake utaharibika, lakini orodha itabaki salama.

Wengine wanaona kwamba katazo hilo ni dharau. Siye tulilifikiri na kazi yetu ya kila siku. Dereva wa kamio kubwa hapewi ufunguo wa ghala ya baruti. Anayelipua mwamba naye hapewi kamio. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Kila mmoja anafanya kazi bila kumwogopa mwenzake.

Kuna jambo lingine mu kiunzi hicho ambalo limetufurahisha zaidi. Waliokitengeneza waliandika wazi, mu maelezo ya kanuni zao, kwamba wanamhesabia mchoraji ni mtu anayejua kazi. Wakati ule zilikuwapo programu kama Dreamweaver, za kuchora ukurasa kwa kuvuta na kuweka, bila kuona HTML. Wengi walitaka violezo vionekane vizuri ndani ya programu hizo. Wale wa Django walikataa. Walisema wanatazamia kwamba anayeandika kiolezo anaweza kugusa HTML kwa mkono wake mwenyewe. Hawakumtafuta kwa kumdanganya kwamba hakuna cha kujifunza. Walimtafuta kwa kumtengenezea mahali pa kazi, wakamwambia: hapa ni pako, na kazi yako tunaijua kuwa ni kazi.

Kinga ya mashini na kibao cha onyo

Tuko na jambo la usalama la kusema hapa, juu ndilo lililotushawishi.

Mtu mbaya anaweza kujaza fomu ya tovuti kwa maneno yenye hila. Badala ya jina lake, anaandika amri ndogo. Kama tovuti inayaonyesha maneno hayo vile yalivyo, amri inafanya kazi mu kompyuta ya msomaji mwingine, na inaweza kumwibia. Mu miaka ya kwanza ya Django, mchoraji ndiye alipaswa kukumbuka, ku kila nafasi ya kiolezo, kuweka alama ya kusafisha maneno. Akisahau nafasi moja, mlango uko wazi.

Mu toleo la 1.0, la mwaka wa 2008, waligeuza. Tangu hapo kiunzi chenyewe kinasafisha maneno ku kila nafasi, na mtu akitaka yasisafishwe ni yeye atakayesema.

Wandugu, ni mara ngapi tumepigana juu ya jambo hilo mu shantie? Kompani inaweka kibao: "Angalia mkono wako." Mkono ukikatika, wanasema: "Kibao kilikuwapo, hakusoma." Siye tunajibu kila mara: wekeni kinga ku mashini, mkono usiweze kufika. Kibao kinamtwika mfanyakazi mzigo wote. Kinga inaubeba mzigo pamoja naye. Wale wa Django waliondoa kibao, wakaweka kinga. Na walifanya vile kwa sehemu juu walijua kwamba si kila anayeshika kiolezo amesomea hatari hizo. Kumfikiria mchoraji kuliwalinda na mainjinia, juu mainjinia nao wanasahau.

Wanaosema hapana

Hatutaki kuficha maneno ya upande mwingine. Wako watu wenye akili wanaosema kwamba kiunzi cha wataalamu kisijisumbue na wachoraji.

Wanasema kwanza: anayetaka urahisi tayari iko na mahali pake. PHP, aliyoitoa Rasmus Lerdorf mu 1995, inamruhusu mtu kuchanganya programu na HTML mu karatasi moja. Juu ya PHP ikajengwa WordPress mu 2003, na leo WordPress inabeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia. Mchoraji aende kule, awaachie mainjinia chombo chao.

Hilo ni kweli kwa sehemu. Kama sendika yetu ilitaka paka matangazo, WordPress ingetosha, na tungekuwa tumelala usingizi. Lakini tulitaka pia orodha ya wanachama, michango ya kila mwezi, na fomu ya kutangaza ajali za kazi, yenye majina ya watu na majeraha yao. Mambo hayo ni ya siri. Hapo ndipo unataka chombo kizito. Na chombo kizito kikikosa mchoraji, kinatoa fomu mbaya. Mjane mwenye kutangaza ajali ya mume wake anafika mstari wa tatu, haelewi, anaacha. Ajali haikuandikwa. Mu biro ya malipo, ajali isiyoandikwa haikutokea.

Kuhusu kuchanganya yote mu karatasi moja, tumekwisha kuonja. Ukurasa wetu wa kwanza ulijengwa vile. Nukta na mkato moja ilipofutwa, nyumba yote ilianguka. Ilikuwa ya yule aliyejenga bila ukuta kati ya vyumba, si ya binti wa fotokopi.

Wanasema pili: kumtafuta asiyejua kunamnyima anayejua. Kwamba violezo vya Django vimefungwa mno, mtu mwenye nguvu anataka kufanya zaidi mule ndani. Neno hilo nalo lina uzito. Ruby on Rails, kiunzi alichotoa David Heinemeier Hansson wa Danemark mu 2004, kinakuachia uandike lugha yake yote ndani ya kiolezo. Na Django wenyewe walisikia malalamiko. Mu 2015, ku toleo la 1.8, waliruhusu rasmi mtu achague violezo vya namna nyingine, vinavyoitwa Jinja2, vyenye kukubali mambo mengi zaidi. Hawakukifunga chumba cha kwanza. Waliongeza mlango.

Wanasema tatu: siku hizi ubishi umepitwa. Tangu Facebook ilipotoa React mu 2013, sura za tovuti nyingi zinatengenezwa kwa JavaScript, na kiunzi kinabaki nyuma kikitoa habari tu. Ni kweli ku kompani kubwa. Lakini angalieni kilichotokea: kwa njia hiyo anayechora anapaswa kutunga programu pia, ao kazi ya kuchora inapelekwa kwa mtunga programu. Mlango wa mchoraji umekuwa mwembamba zaidi. Na ku telefone ndogo ya mchimbaji, yenye makuta ya intaneti ya kuhesabu, ukurasa mwepesi wa kiolezo ungali unafika mbele ya ule mzito.

Siye tunaona namna gani

Mtu wa mine anajua ngazi za kazi. Ziko mu karatasi ya mshahara: manœuvre, semi-qualifié, qualifié, maîtrise, na kupanda. Kosa kubwa la kompani halikuwa kuweka ngazi. Kosa ni kumweka mtu ku ngazi ya chini miaka 20, anafanya kazi ya juu, na hakuna siku anaitwa kusoma ao kufanya mtihani wa kupanda. Ngazi isiyo na vipandio ni ukuta.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Ndiyo, kiunzi cha wataalamu kiwatafute wachoraji. Lakini kwa mashariti matatu. Kiwape chumba chao wenyewe, pale kosa lao haliui kazi ya wengine. Kisiwadanganye kwamba hakuna cha kujifunza. Na ukuta wa chumba hicho uwe na mlango, ili anayetaka kuingia kwa mainjinia aweze siku moja kuupita.

Sharti la tatu ndilo gumu, na wengi wanalisahau. Ukimpa mchoraji violezo peke yake, ukamwambia "usiulize kinachotoka upande ule", umemfanya manœuvre wa kompyuta. Atachora miaka kumi, na siku chombo kikibadilika atafukuzwa wa kwanza.

Ku upande wa Django kuna watu walioliona hilo. Mu 2014, mjini Berlin, wasichana wawili kutoka Poland, Ola Sitarska na Ola Sendecka, walianza masomo ya bure ya siku moja kwa wanawake wasiojua kutunga programu. Waliyaita Django Girls. Mwanafunzi anaingia asubuhi hajui kitu, jioni anatoka na tovuti ndogo aliyoijenga mwenyewe. Masomo hayo yameenea ku miji mingi ya dunia, na kitabu chao cha mafundisho kiko mu intaneti, bure, na kwa Kifaransa pia. Mu mwezi wa 11 mwaka wa 2023, watu wa Django wa bara letu walikutana Zanzibar ku mkutano wao wa kwanza wa Afrika. Kazi hii si ya Ulaya na Marekani peke yake tena.

Kilichotokea kwetu

Tulimwita kijana mmoja wa sendika yetu, mtoto wa dereva, aliyesomea kompyuta Lubumbashi. Alijenga upya kwa Django. Kisha tulimwendea yule binti, nyumbani kwa baba yake, siye watatu wa komite. Tulimwomba radhi. Alisema paka neno moja: "Baba, mimi nilitaka bazee basisumbuke." Tukamwomba achore.

Kijana alimpa violezo. Siku ya kwanza binti alifuta alama fulani, na kiunzi kikamwonyesha ujumbe wa kosa, na mstari wenyewe. Mwisho wa mwezi fomu ya ajali ilikuwa imechorwa. Ina herufi kubwa, swali moja ku kila mstari, Kiswahili juu na Kifaransa chini. Kijana alikiri kwamba yeye asingefikiri kuweka Kiswahili juu.

Lakini hatutaki kusema kila kitu kilikwenda vizuri. Mwezi wa pili binti alitaka ukurasa wa michango uonyeshe jumla kwa kila ekipi. Kiolezo hakimwezeshi kufanya hivyo, juu kujumlisha vile ni kazi ya chumba cha Python. Alimngojea kijana wiki mbili, naye alikuwa ku kazi ya usiku. Hapo alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema: "Munanipa rangi, hesabu munabaki nayo." Kijana alipopata nafasi, hakumfanyia. Alikaa naye siku ya Mungu nyuma ya misa, akamwonyesha namna jumla inavyoandikwa. Mistari minne. Binti aliiandika kwa mkono wake. Sasa anasoma kile kitabu cha Django Girls, sura moja kila wiki, ku kompyuta ya duka wakati wateja hawako.

Hapo ndipo tuko na swali kwenu, wanachama. Mu kasha ya sendika kuna makuta kidogo ya mafunzo. Wenzetu wengine mu komite wanataka yatumike kuwafundisha vijana kuchora tu, juu inaleta kazi haraka: matangazo, kadi, kurasa. Wengine wanataka tufundishe Python peke yake, wale wenye diploma ya hesabu. Siye tunaoandika tunaomba darasa moja lenye pande zote mbili, wachoraji na watunga programu mu chumba kimoja, na kila mchoraji afundishwe angalau mlango wa kwanza wa upande ule. Itachukua muda zaidi. Watoto wachache wataingia kwa mwaka wa kwanza. Tunajua, na tunajua kwamba baba mwenye watoto watano ku nyumba hapendi kusikia neno "ngoja."

Lakini tumeona mine zikifunga, tumeona mashini mpya zikichukua kazi ya ekipi nzima. Aliyejua kazi moja tu ndiye alitangulia kutoka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kura itapigwa ku mkutano wa mwisho wa mwezi. Wazee wanne wa Likasi wamekwisha kupata tangazo, mu telefone ya yule mjukuu. Siku ilibadilishwa mara moja tayari, toka siku ya posho kwenda kazi tano, juu ya ukumbi. Karani wetu aliibadilisha mwenyewe, mu chumba chake cha fomu, wakati chai yake ingali moto.